Usiupime mwaka mzima kwa harusi ambayo haikufanyika

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Nina miaka 37, nimeokoka, sijaolewa na sina mtoto. Mwaka huu umenipindua. Mwezi wa tatu mchumba wangu alivunja uchumba tukiwa tumeshatangaza tarehe ya harusi. Mwezi wa tano nikapandishwa cheo na kuhamishiwa mji mwingine, nikaliacha kanisa lililonilea. Mwezi wa nane baba akafariki. Mwezi wa kumi na moja rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukiomba pamoja kuhusu ndoa, akaolewa na mimi nikawa msimamizi wake. Mama sasa anaishi nami. Kila nikikaa kutafakari mwaka huu naishia kulia na kujiuliza nilikosea wapi. Mungu alikuwa ananifundisha nini? Kwenye ibada ya mwisho wa mwaka tutaombwa ushuhuda na sina la kusema. Tena yule kaka amenitumia ujumbe wa kunitakia heri. Nimjibu?

Jibu: Asifiwe sana, dada. Kwanza pole kwa msiba wa baba. Natanguliza pole kwa sababu barua yako ilikuwa ndefu (hapo juu nimeifupisha), na katika urefu wote huo baba yako alipata nafasi finyu sana.

Nikisoma barua ya namna hii huwa naangalia kwanza kila tukio limeandikiwa kiasi gani. Kwako, uchumba uliovunjika ulichukua zaidi ya nusu ya barua. Kifo cha baba kilipata aya moja, na hata humo kilichokuuma zaidi ni kwamba ndugu zako waliketi na wenzi wao na wewe ukaketi peke yako. Kupandishwa cheo ulikutaja ili kusema kwamba sasa wanaume watazidi kukuogopa. Kanisa jipya ulilitaja ili kusema kwamba halina wanaume wa rika lako. Halafu mwishoni kabisa, maneno manne: "Mama sasa anaishi nami."

Mwaka ulikuwa mgumu, sibishi. Lakini umeupima wote kwa kipimo kimoja, na kila kilichotokea umekigeuza ushahidi kwamba huna mume. Msiba ni ushahidi, cheo ni ushahidi, hata viti vya kanisani ni ushahidi. Ukikaa kutafakari kwa namna hiyo utalia tu, maana hukumu umeshaiandika kabla ya kusikiliza mashahidi.

Ninachokuomba ni kwamba kila badiliko lipewe hesabu yake. Baba aombolezwe kama baba. Kazi itazamwe kama kazi. Na hamu ya ndoa nayo ipewe kiti chake, iombewe na kuliliwa kwa jina lake yenyewe. Sitakuambia "tosheka na Yesu" kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakitaka unyamaze. Paulo, aliyeisifu hali ya kutokuoa katika 1 Wakorintho 7, alisema kila mtu ana karama yake, na hakumwamuru anayetamani ndoa ajifanye hatamani. Tamani. Ila hamu hiyo isipewe kazi ya kuhesabu mambo mengine yote.

Kuna sababu nyingine inayofanya tafakari yako iishie kwenye machozi, na hii haihusiani na imani yako. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walitumbukiza mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangekubali kurudia lipi, wengi walichagua lile refu. Kwa jumla liliuma zaidi, lakini liliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu zetu hushika kilele na mwisho wa jambo, na urefu wa katikati hauhesabiwi sana. Sasa angalia mwaka wako: kilele chake ni harusi iliyofutwa mwezi wa tatu, na mwisho wake ni wewe kusimama madhabahuni umeshika maua ya rafiki yako. Kwa kumbukumbu pekee ungekumbuka nini kingine?

Kwa hiyo usianze na kukumbuka, anza na kutazama. Fungua picha za simu yako za mwezi wa sita, mwezi ambao haumo kabisa katika barua. Pitia ujumbe uliotuma, kalenda ya kazini, daftari la maombi kama unalo, tarehe ulizoandika pembeni mwa Biblia yako. Mwezi huo ulikuwa mgeni mjini, unajifunza kazi, na baba alikuwa hai. Mliongea nini? Dada mmoja niliyekaa naye kwa zoezi hili alikuta ujumbe wa sauti wa marehemu baba yake akimweleza, kwa subira yote, namna ya kukaza kitasa kilicholegea katika nyumba aliyokuwa amepanga. Aliusikiliza siku ile, akakaza kitasa, akausahau. Katika simulizi yake ya mwaka, mwezi ule haukuwa na kitu.

Umeandika pia kwamba umekuwa mvivu wa kiroho, kwamba unasoma Neno mistari miwili usingizi unakuchukua. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake, wakitafuta uhusiano kati ya mabadiliko na kuugua. Kifo cha mtu wa karibu katika familia kina alama 63. Kubadilika kwa majukumu ya kazi 29, kuhama makazi 20, na hata kubadilika kwa shughuli za kanisani kuna alama 19. Mafanikio makubwa ya mtu binafsi nayo yamo, alama 28, kwa kuwa mwili hauulizi kama badiliko ni baraka kabla ya kuchoka nalo. Sikupi orodha hiyo ujijumlishie kama mtihani. Ni ya zamani na ina mapengo. Lakini uvivu ni neno usilostahili. Umechoka.

Pengo moja la orodha ile linakuhusu wewe hasa. Ndoa ina alama 50, talaka 73, lakini kuvunjika kwa uchumba hakumo. Na ndivyo ilivyo hata mitaani na makanisani: mjane atapewa pole, aliyeachwa na mchumba ataambiwa "Mungu amekuepusha na mengi." Mtafiti wa Marekani Pauline Boss alianza miaka ya 1970 kwa kuzitazama familia za wanajeshi waliopotea vitani bila miili yao kupatikana, akaona kwamba kuna kupoteza ambako hakuna mazishi, wala siku ambayo watu watakuja kukaa na wewe, wala siku ambayo utasema limekwisha. Shauri lake si kulifunga jambo kwa nguvu. Litaje kwa jina, ujifunze kuishi nalo. Wewe umepoteza nyumba ambayo hukuwahi kuingia, na pengine watoto ambao ulishawachagulia majina. Hilo ni la kuliliwa.

Umesema gauni bado limo kabatini ndani ya mfuko wake, na kwamba unapofungua kabati unageuza uso. Chagua siku ambayo rafiki mmoja anaweza kuwa nawe. Litoe, mlitazame, ulie kama kilio kikija, kisha uamue kuliuza, kuligawa au kulitunza. Uamuzi wowote ni sawa kwangu, mradi usiendelee kugeuza uso ndani ya chumba chako mwenyewe.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Uwezo wa kushika mimba hupungua kadiri umri unavyokwenda, na kasi huongezeka baada ya miaka 35 hivi. Huo ni ukweli wa mwili, hauna hukumu ndani yake. Kama swali hilo linakunyima usingizi, muone daktari wa wanawake akueleze hali yako wewe. Usiishi kwa hofu za kuokota kwenye mazungumzo ya watu.

Sasa yale maneno manne. Nilipokuandikia kuuliza zaidi, ulinijibu kwamba baada ya mazishi ndugu zako walikaa kikao kifupi wakaamua mama aende kwako "kwa kuwa wewe huna familia." Hukupinga, ukarudi na mama na mabegi yake.

Dada, hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote ya mwaka wako. Mengine yalitokea yakapita. Hili unaamka nalo kila asubuhi. Limebadilisha saa yako ya kulala, fedha zako, nani anaweza kukutembelea, na hata kimya ulichokuwa ukiombea. Kwa nini lilipata sentensi moja? Nadhani ni kwa sababu wewe mwenyewe umekubali ile hoja ya kikao, kwamba mwanamke asiyeolewa muda wake ni akiba ya familia, hugawiwa kila penye upungufu. Ukikubali hivyo, unapopewa mzigo huoni kama kuna jambo limetokea.

Maandiko hayakubaliani na kikao kile. 1 Timotheo 5:4 inasema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kuwalipa wazazi wao. Ni watoto na wajukuu wote, hakuna mahali palipoandikwa binti ambaye hajaolewa. Na kama unadhani kudai haki katika familia si tabia ya mwanamke mcha Mungu, soma Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, wakati huo hawajaolewa, baba yao amekufa na hana mwana wa kiume, walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wa mkutano wakadai urithi. Musa alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wamenena la haki. Ikawa sheria.

Itisha kikao cha pili. Usiende kulalamika, nenda na mambo yanayohesabika: dawa za mama zinalipwa na nani, akilazwa nani anaomba ruhusa kazini, ni majuma mangapi kwa mwaka atakaa kwa kila mtoto wake, na yeye mwenyewe anataka kuishi wapi. Hilo la mwisho ninahofu hakuna aliyemuuliza. Inawezekana kabisa unafurahia kuwa naye, na kama ndivyo, liandike katika hesabu ya mwaka bila aibu. Kumbuka pia kwamba nyumbani kwako sasa kuna wafiwa wawili. Mmewahi kumtaja baba mkiwa mezani, au kila mmoja anamlilia chumbani kwake ili asimuumize mwenzake?

"Nilikosea wapi" ni swali la halali mpaka mahali fulani. Kama kulikuwa na dalili kwa yule kaka ulizoziona ukazifumbia macho, ziandike, jifunze, tubu penye la kutubu, umalize. Lakini wewe umelivuta swali hilo hadi kwenye kifo cha baba na kwenye umri wako, kana kwamba kuna dhambi iliyojificha inayoeleza yote. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyohivyo katika Yohana 9 kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili.

Na Mungu alikuwa anakufundisha nini? Mimi sijui, na jihadhari na atakayekujibu haraka. Msimu huu utatumiwa Yeremia 29:11 mara nyingi, yale mawazo ya amani na tumaini. Ni neno la kweli, lakini lisome pamoja na jirani zake. Ile ilikuwa barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia ni miaka 70. Watu wazima wengi walioisikia ikisomwa wasingeishi kuona safari ya kurudi. Mstari wa 5 unawaambia wafanye nini kwa sasa: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake. Wewe umeniambia kuna maboksi hujayafungua tangu mwezi wa tano kwa sababu "huenda nikaolewa nikahama." Fungua maboksi, dada. Tundika picha ukutani. Mume akija atakukuta unaishi.

Kama una hasira na Mungu, iseme kwake. Naomi alirudi Bethlehemu amefiwa na mume na wana wawili, akawaambia wanawake wa mji: "Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana." Hakuna anayemkemea katika sura ile. Akaongeza kwamba alitoka amejaa na amerudishwa hana kitu, na aliposema hivyo Ruthu alikuwa amesimama kando yake. Naipenda sana sehemu hii. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na hesabu yake haikuwa kamili.

Kwa upande wa namna ya kufanya, andika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti ambao watu waliandika kwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza, bila kujali hijai wala mpangilio. Katika miezi iliyofuata, waliogusa ukweli wa tukio pamoja na hisia zake walikwenda kumuona daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nakushauri uzigawe siku hizo kama ifuatavyo: baba, kazi na mji mpya, mama, kisha uchumba. Naam, uchumba mwisho, baada ya mengine kupata sauti. Siku ya baba ukijikuta umeanza kuandika habari za yule kaka, mwachie mstari mmoja urudi kwa baba. Waandishi wengi wa zoezi hili hujisikia wazito mara tu baada ya kuandika, kwa hiyo usilifanye muda mfupi kabla ya kulala, na ukiona linakuzamisha, acha. Kama huzuni imekushika karibu kila siku kwa zaidi ya majuma mawili, hulali, huli, au umewaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje kumaliza zoezi wala mfungo. Nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na mchungaji wako ajue.

Ushuhuda si kodi. Unaweza kukaa kimya katika ibada ile na bado umeabudu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shangwe, na imo katika kitabu cha sifa cha Israeli. Ukitaka kusimama, sema yaliyotokea: baba alifariki, nilihama, mama yuko nami, "hata sasa Bwana ametusaidia." Samweli alisema hivyo karibu na jiwe la Ebenezeri akahesabu ya nyuma tu. Usiliahidi kanisa kwamba mwakani utasimama na mume ili ushuhuda upigiwe makofi. Mwongoza ibada akidakia "mwakani ni zamu yako!", tabasamu, rudi ukakae.

Na yule kaka. Uliniambia kwamba mwezi wa nne, ukiwa umetulia, wewe na mchungaji wako mlikubaliana ukate mawasiliano. Ignatius wa Loyola, aliyeongoza wengi katika tafakari karne ya 16, aliweka kanuni kwamba moyo ukiwa gizani usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Mwezi mmoja baada ya kumsimamia rafiki na miezi minne tangu kumzika baba si wakati wa kuufumua uamuzi ule. Ukiona ukimya unakusumbua, "Asante, nawe pia" inatosha, na uitume mchana, usiitume saa tano za usiku ukiwa umelala na simu mkononi. Yeye amekutakia heri tu. Hajaomba msamaha wala hajaeleza kilichotokea mwezi wa tatu, kwa hiyo usimsomee maneno ambayo hakuyaandika. Akitaka zaidi ya hapo, aseme waziwazi anachotaka, na akisema, niandikie kabla hujamjibu.